Uchambuzi wa kisa: Tokeni iliyouzika Jumatatu ikagoma Ijumaa

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina lake nimeliondoa, kijiji chake pia, na jina la tokeni (sarafu ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitengeneza) na la grupu sitayataja, alafu viwango vya hela nimevizungusha kidogo ili asijulikane ila hesabu zenyewe zinabaki vilevile. Mimi nina kibanda Dodoma mjini, natengeneza simu na ni wakala wa hela za simu, na kwa miaka kadhaa watu wananiletea simu zao niwaangalizie mambo ya kripto. Kwenye kisa hiki na mimi nina sehemu yangu ya kosa, na ndo sababu kubwa ya kukiandika.

Mhusika na hali yake

Nitamwita Mkulima. Ana umri wa miaka thelathini na kitu, analima zabibu upande wa Hombolo, ekari moja na nusu ya familia ambayo anaisimamia yeye na dada yake mkubwa. Dada ndo mshika hela wa nyumba. Mwezi wa tatu walivuna na kuuza, na baada ya kulipa madeni Mkulima akabaki na kama milioni 2 na laki 4 mkononi. Hela hiyo ilikuwa na kazi yake tayari, maana baada ya kuvuna unaingia kupogoa, kupogoa kunataka vibarua, na machipukizi yakitoka unahitaji salfa ya kupambana na ubwiri unga, ukichelewa salfa msimu wa pili unakuwa wa hasara. Kila mtu anayelima zabibu huku analijua hilo.

Kripto hakuwa mgeni nayo kabisa. Alishawahi kununua USDT (sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola) kwa P2P, yani mtu kwa mtu, akakaa nayo miezi kadhaa shilingi ilipokuwa inashuka, akauza, akapata faida ndogo. Hiyo ikampa ujasiri. Ila kuna tofauti kubwa sana kati ya kushika USDT na kununua tokeni ambayo mtu asiyejulikana ameitengeneza wiki iliyopita, na hiyo tofauti hakuna aliyemweleza.

Ilivyoanza

Aliunganishwa na rafiki kwenye grupu la Telegram la watu kama elfu 11. Tokeni ilijitangaza kuwa ya kilimo cha Afrika, eti wakulima watalipwa kwa hiyo tokeni na mazao yatasajiliwa kwenye blokcheni, yani daftari la mtandaoni la miamala. Lugha ilikuwa nzuri, Kiswahili safi kabisa cha kwetu, na mule ndani kulikuwa na mambo matatu yaliyomshika. La kwanza ni skrinishoti za watu waliotoa hela. La pili ni picha iliyoonyesha likwiditi, yani hela zilizowekwa ili tokeni iweze kununulika na kuuzika, imefungwa kufuli. La tatu, na hili ndo lilimmaliza, admini aliandika kwamba serikali ya Tanzania inakata kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali tangu Sheria ya Fedha ya 2024, kwa hiyo kripto imehalalishwa na tokeni yao iko salama.

Kodi hiyo ipo kweli. Ila kodi ni kodi tu, haimaanishi kuna ofisi imekaa ikapitia hiyo tokeni ikaona inafaa. Na tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema wazi kwamba shilingi ndo sarafu halali hapa nchini na likawatahadharisha watu na hizi sarafu za mtandaoni. Ukiliwa hela na tokeni hamna dirisha la Benki Kuu la kwenda kudai urudishiwe. Admini alichukua jambo la kweli akalitumia kubeba uongo, na mtu aliyesikia habari ya ile kodi redioni anaona kabisa hapa naambiwa ukweli.

Jumatatu: kipimo nilichokifanya

Mkulima alikuja kibandani asubuhi, akanisalimia mbukwenyi kama kawaida yake, akaniambia fundi naomba unisaidie kupata BNB kidogo ya gesi maana USDT ninazo 900. Gesi ni ada ya muamala, na kwenye mtandao ule inalipwa kwa sarafu ya BNB. Nikamuuliza unanunua nini, akanionyesha. Nikamwambia subiri kwanza tuipime.

Nilichukua adresi ya kontrakti (programu inayoiendesha tokeni) kutoka kwenye grupu, nikaifungua BscScan, tovuti inayoonyesha kontrakti na miamala yake, kwa sababu tokeni ilikuwa ya BNB Smart Chain. Msimbo wake ulikuwa umewekwa wazi, una ile alama ya kijani. Nikaibandika kwenye tovuti moja ya kupima honipoti, yani tokeni inayokuruhusu kununua alafu inakuzuia kuuza. Majibu yakaja: sio honipoti, kodi ya kununua asilimia 3, kodi ya kuuza asilimia 5, yani makato ya kontrakti yenyewe, sio ya serikali.

Bado sikuridhika, nikamwambia nunua za dola 20 tu. Akanunua PancakeSwap (soko la tokeni la mtandaoni) kupitia Trust Wallet, waleti yani pochi ya kripto ya kwenye simu. Tukakaa kama saa nzima, nikamwambia uza nusu. Ikauzika, akapata USDT 9 na senti. Hapo nikasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Naona inauza." Mkulima akatabasamu, akasema basi fundi iko poa.

Sikuwa nimesema iko poa. Ila yeye alichosikia ndo hicho, na mimi nilimuona alivyosikia nikanyamaza kwa sababu mteja mwingine alikuwa amefika na simu imeingia maji.

Jumanne: uamuzi wa kuweka 400

Kesho yake bei ilikuwa imepanda asilimia 40 na Mkulima akarudi anataka kuingiza zote. Safari hii niliangalia likwiditi. Ukurasa wa chati ulisema thamani ya soko ni dola milioni 6, na likwiditi ni dola 41,000.

Hapa niende taratibu kwa sababu hiki ndo kitu watu wengi hawakielewi. Tokeni za aina hii zinauzwa kwenye mfuko wenye pande mbili, upande mmoja kuna BNB na upande wa pili kuna tokeni yenyewe, thamani nusu kwa nusu. Likwiditi ya 41,000 maana yake BNB iliyomo ni ya dola kama 20,500. Hiyo ndo hela ya kweli. Ile milioni 6 ni bei ya tokeni moja ukizidisha na tokeni zote zilizotengenezwa, na hii ilikuwa na tokeni bilioni 1 kwa bei ya dola 0.006. Kwa hiyo watu wanajiona wana utajiri wa milioni 6 lakini wote wakitaka kutoka kwa pamoja mlangoni kuna elfu 20 na kidogo. Ni kama guest yenye vyumba kumi imepokea booking za watu elfu tatu.

Na kuna swali lingine ambalo linatoka humohumo. Kama upande wa tokeni kwenye mfuko nao ni dola 20,500 kwa bei ya 0.006, basi zilizomo ni tokeni kama milioni 3.4 tu kati ya bilioni 1. Hizo nyingine zote ziko wapi? Ziko kwa watu. Ni akina nani? Swali hilo sikuliuliza siku ile. Ningebonyeza sehemu ya wanaoshikilia tokeni, dakika moja, ningeona nilichokuja kukiona Ijumaa: waleti kumi zina asilimia 91.

Nilichomwambia ni kwamba mfuko ni mdogo, usiweke zote. Akampigia dada yake pale pale. Simu ilikuwa na sauti kubwa nikasikia mwenyewe, dada anamwambia "hela ya salfa na vibarua usiiguse, hiyo nyingine ni ya kwako kafanye unavyojua". Mama yao alikuwa karibu na yeye akadakia kwamba mnataka kupanda mbegu tena, maana yeye aliingia DECI, upatu ule wa 2009, na walikuwa wanaita hivyo, unapanda mbegu unavuna, mpaka ilipofungwa na mbegu zikabaki ardhini. Mkulima akacheka, akasema mama hii ni teknolojia.

Akaweka 400, zilizobaki akaziacha kwenye USDT. Uamuzi wa kuacha hizo kama 490 haukutokana na kipimo chochote changu. Ulitokana na dada na salfa.

Ijumaa: inagoma

Bei ilipanda karibu mara tatu ndani ya wiki, waleti ikawa inasoma dola 1,100. Ijumaa mchana akataka kutoa nusu. Anabonyeza kuuza, inazunguka, inarudi imefeli. Tena, imefeli. Kila ikifeli inakula gesi. Kwenye grupu admini akasema mtandao umejaa, ongezeni slipeji, yani upungufu wa bei unaokubali. Akaweka 12, akaweka 20, akaweka 49. Imefeli zote.

Alinifikia saa kumi jioni jasho linamtoka. Nikafungua BscScan, nikaingia kwenye orodha ya miamala ya tokeni. Nikaanza kushuka chini taratibu. Tangu Alhamisi usiku kulikuwa na manunuzi tu, nunua nunua nunua, waleti nyingi tofauti. Mauzo yalikuwepo machache na yote yametoka kwenye adresi moja, ileile kila mara. Nikaenda kwenye miamala ya kontrakti yenyewe na pale, kabla ya hayo manunuzi, Alhamisi saa tano na dakika kadhaa usiku, adresi ya mwenye kontrakti ilikuwa imeita amri inaitwa setFees. Nikafungua sehemu ya kusoma kontrakti, nikatafuta kodi ya kuuza. 99.

Ndo maana ilikuwa inafeli. Ukiweka slipeji 49 unaiambia waleti nikubalie nipokee pungufu mpaka asilimia 49, sasa kodi inakata 99, kinachobaki ni kidogo kuliko kiwango cha chini ulichokubali kwa hiyo muamala unakataliwa. Angeweka juu zaidi ingepita, angepata dola kumi na moja kwenye zile 1,100. Na adresi ile moja iliyokuwa inauza ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya wasiokatwa kodi.

Kumbe Jumatatu nilipima mlango wakati uko wazi. Sikuangalia ufunguo uko mfukoni kwa nani.

Jumamosi: ombi la pili

Admini alimfuata Mkulima inbox, akamwambia akaunti yake haipo kwenye orodha nyeupe ya wanaoruhusiwa kuuza, anunue za dola 200 nyingine na kuunganisha waleti kwenye linki fulani ataweza kuuza zote. Mkulima alikuja kibandani ameshaamua, anataka kutumia hela ya salfa, anasema fundi nikiweka 200 natoa 1,100, hesabu si inaonekana.

Nilikataa kumsaidia. Nikachukua simu yangu nikampigia dada yake nikamweleza yote mbele yake. Alikasirika sana, aliniambia nimemdhalilisha kwa dada yake, na kwa kweli kwenye mila zetu mtu mzima humfanyii hivyo hadharani. Lakini nilijua akitoka pale anaenda kwa wakala mwingine. Dada alipanda bajaji mpaka mjini, wakaongea nje ya kibanda kama nusu saa, dada akarudi akasema tuuze USDT zote zilizobaki kwa P2P hela iingie kwenye simu yake yeye dada. Ikaingia kama milioni 1 na laki 2 na themanini.

Matokeo

Jumatatu iliyofuata asubuhi mfuko ulitolewa wote. Chati ilishuka mstari mmoja wima mpaka chini. Grupu likabadilishwa jina, alafu likafutwa mchana. Mkulima alipoteza USDT kama 410, zaidi kidogo ya shilingi milioni 1, na gesi. Kilichookolewa ni hela ya salfa na vibarua, wakapogoa kwa wakati.

Tulikusanya skrinishoti, adresi ya kontrakti, adresi ya aliyetoa mfuko na namba za miamala yote, akaenda polisi akafungua jalada. Hela haijarudi. Wiki hiyohiyo wakaanza kumjia watu inbox wanaojiita wataalamu wa kurudisha kripto, mmoja anataka dola 150 za kuanzia kazi. Jua kabisa kwamba aliyetapeliwa anakuwa kwenye orodha, na hao wa kurudisha mara nyingi ni walewale au wameuziwa orodha na walewale. Muamala wa blokcheni hauna mtu wa kuurudisha nyuma kwa sababu umemlipa.

Uchambuzi: kilichofeli

Kosa la kwanza ni langu. Kuuza kidogo ili kujaribu ni jambo jema na bado nalifanya, ila linajibu swali la leo tu. Swali la maana ni je, kuna mtu anaweza kubadilisha majibu kesho? Hilo linaonekana BscScan kwenye sehemu ya kontrakti. Unatafuta "owner", ukikuta ni adresi ya sifuri tupu maana yake mwenyewe ameachia umiliki, ukikuta adresi ya kawaida basi kuna mtu. Alafu unaangalia zile amri za kuandika, ukiona kitu cha kubadilisha kodi bila kikomo, cha kuzuia waleti za watu, cha kusimamisha biashara au cha kutengeneza tokeni mpya, na mwenye nacho bado yupo, basi umeona ufunguo. Tokeni ya Ijumaa ilikuwa na setFees isiyo na kikomo na mwenyewe yupo, na vyote hivyo vilikuwa wazi Jumatatu ile saa nne asubuhi. Ile alama ya kijani ya msimbo kuwa wazi inamaanisha unaweza kuusoma. Mimi niliiona nikaichukulia kama mtu ameshausoma kwa niaba yangu.

Kosa la pili ni kufuli. Ile picha ya likwiditi kufungwa ilikuwa ya kweli, asilimia 95 ya mfuko ilifungwa kweli. Baadaye nilifungua adresi ya mfuko wenyewe nikafuata kufuli mpaka kwenye kontrakti ya kufungia. Ilifungwa siku 7. Picha iliyowekwa kwenye grupu ilikuwa imekatwa chini, pale pale tarehe ya kufunguka inapoanza kuandikwa, ukitazama vizuri unaona vichwa vya herufi vimebaki. Sote tuliitazama ile picha. Kufuli la wiki moja kwenye mradi unaosema utasajili mazao ya Afrika nzima, hiyo peke yake ilitosha.

La tatu ni bei kupanda. Mkulima aliona mara tatu akafikiri ni watu wengi sana wanaingia. Kwenye mfuko wenye BNB ya dola 20,500, kuisukuma bei mara tatu kunahitaji manunuzi ya kama dola 15,000 tu. Hizo ni kama hela za akina Mkulima arobaini. Na kama hakuna anayeruhusiwa kuuza, bei inakwenda wapi zaidi ya juu? Chati isiyoshuka hata kidogo siku tatu mfululizo inatakiwa ikuogopeshe. Mwaka 2021 tokeni iliyojiita SQUID, iliyobeba jina la tamthilia ya Kikorea, ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,800 na walionunua hawakuweza kuuza, alafu tarehe 1 Novemba ikaanguka mpaka karibu na sifuri ndani ya dakika chache. Habari zake zilisomwa dunia nzima, na mtindo ni uleule mpaka leo kwa sababu unafanya kazi.

Kilichofanya kazi

Hela iliyokuwa na kazi ilibaki na kazi yake. Dada hajui kontrakti ni nini wala hataki kujua, lakini alijua salfa ni bei gani na ubwiri unga ukiingia unafanya nini, kwa hiyo alikuwa na kipimo ambacho admini hakuweza kukigusa. Kukataa Jumamosi pia kulifanya kazi, ingawa Mkulima hakuniongelesha karibu mwezi mzima, na sikumlaumu.

Kilichofanya kazi nusu ni ule ushauri wangu wa "usiweke zote". Ulipunguza hasara, ila ukiangalia vizuri ulikuwa pia ni ruhusa. Ningesoma ile likwiditi sawasawa ningemwambia usiweke kabisa.

Sasa hivi mtu akija na adresi siagizi BNB wala USDT mpaka tumefungua pamoja mwenye kontrakti ni nani, wanaoshikilia ni akina nani ukitoa mfuko na adresi za kuchomea (ambako tokeni hutupwa zisitumike tena), na kufuli la mfuko linafunguka tarehe gani. Adresi yenyewe simwamini mtu wa grupu, naitafuta na kwingine maana kuna tokeni feki zenye jina lilelile. Inachukua kama dakika kumi na mteja anakuwa amesimama. Wengine wanaondoka. Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo alisema nampotezea muda bei inapanda, akaenda kwa wakala wa pili, jioni akarudi hajanunua, simu mkononi, akasema fundi hebu nionyeshe hiyo ya tarehe. Tukafungua. Zilikuwa zimebaki siku nne.